Usiku macho hayapimi kimo: makosa ya marubani wanapotua kwa kuona

Mzee wa Raskazone (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ndege ikikosea kutua, mjadala wa kijiweni huishia kwenye injini au hali ya hewa. Lakini lipo kundi zima la ajali, na nusura za ajali, ambamo injini zilikuwa nzima, anga safi, na marubani wawili wenye maelfu ya saa angani walikuwa wanaitazama ranwei (njia ya kurukia na kutulia) kwa macho yao. Nataka tuchambue kundi hilo tu. Mvua na radi ziende uzi mwingine.

Aprochi ya macho maana yake muongoza ndege amekuruhusu ukatue kwa kuiona ranwei mwenyewe, au kwa kuifuata ndege iliyo mbele yako ambayo unaiona. Usiku ranwei haipotei. Inaonekana hata kuliko mchana. Kinachopotea ni vingine vyote: miti, mapaa, vivuli, barabara, mawimbi. Hivyo ndivyo ubongo unavyovitumia kukadiria kimo bila mwenyewe kujua.

Chukueni ranwei ambayo mbele yake ni bahari tupu, au mashamba ya mkonge kama yale ya njia ya Muheza, na nyuma yake kuna taa za mji. Rubani amebakiwa na kipimo kimoja tu, nacho ni pembe ambayo ranwei inaichukua machoni kuanzia kizingiti cha mwanzo hadi mwisho wa lami. Pembe isipobadilika, anajisikia yuko sawa. Kumbe kwenye mteremko sahihi wa nyuzi 3 inatakiwa ikue kadiri anavyosogea. Akiing'ang'ania ibaki vilevile, ndege inaacha mstari ulionyooka na kufuata upinde unaolala chini. Conrad Kraft, mtafiti wa Boeing, alilionyesha hili kwenye simyuleta tangu miaka ya 1960, na aliowajaribu walikuwa marubani wazoefu, si wanafunzi.

Tupige hesabu. Ranwei ya mita 3,000, ardhi tambarare. Ndege iko maili 10 za baharini, yaani kilomita 18.5, na kimo chake ni sahihi: mita 970 hivi, sawa na futi 3,180. Rubani A anafuata nyuzi 3. Rubani B anashikilia ile pembe ya machoni. (Nimeiacha ile mita 15 ya kuvukia kizingiti ili namba zisitusumbue.)

Kilomita 9.25 kabla ya kizingiti: A yuko mita 485, B mita 276.
Kilomita 5: A mita 262, B mita 97.
Kilomita 2: A mita 105, B mita 24.

Mnazi mrefu wa huku kwetu unafika mita 25.

Kinyozi wa Ngamiani

Duh. Kwa hiyo B anakata madafu bila kushuka chini.

Fundi Avioniki

Mzee hesabu yako iko sawa, nimeirudia. Ila kuna jambo ndani yake hujalisema, na ndilo linalowaponza watu.

Mtu atauliza, huyu B hana kipima kasi ya kushuka? Anacho. Kwa kasi ya noti 140 (maili za baharini kwa saa) juu ya ardhi, mteremko wa nyuzi 3 unataka futi 740 kwa dakika. (Marubani huzidisha kasi mara 5 na kupata 700, inatosha.) B akianza tu kule maili 10 anashuka kwa karibu futi 1,380 kwa dakika. Hapo ndipo pekee kifaa kinapomuumbua, na hapo ndipo watu wanaposema "tuko juu kidogo, acha nishushe."

Sasa tazama katikati, kilomita 9.25. Upinde wa B pale una mwinamo wa nyuzi 3 kamili. Kipima kasi ya kushuka kinasoma 740, namba ya kwenye kitabu. Rubani msaidizi akitupa jicho anaona kila kitu shwari, kumbe wako mita 209 chini ya njia, karibu futi 690. Kuanzia hapo B anashuka polepole kuliko kawaida, kwa hiyo hata ile sauti ya kompyuta ya kuonya kasi kubwa ya kushuka haina sababu ya kulia.

Kwa hiyo kasi ya kushuka peke yake si ushahidi. Ushahidi ni kimo kikilinganishwa na umbali. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, tena kwa sauti.

Shungi la Pangani

Samahani kaka zangu, mimi ni msomaji tu wa mambo haya. Si kuna zile taa nne pembeni ya ranwei, nyekundu na nyeupe? Mbona zisimwokoe?

Mzee wa Raskazone

Dada Shungi, hizo zinaitwa PAPI, na swali lako ndilo hasa.

Kwa mteremko wa nyuzi 3, taa hizo nne hupangwa kwa nyuzi 2 na dakika 30, 2 na dakika 50, 3 na dakika 10, na 3 na dakika 30 (dakika 60 ni nyuzi moja). Ukiwa juu ya pembe ya taa fulani unaiona nyeupe, ukiwa chini yake unaiona nyekundu. Mbili mbili, uko njiani. Tatu nyekundu, umeanza kuzama. Nne nyekundu, uko chini ya nyuzi 2 na nusu, na hapo hakuna mjadala.

26 Julai 2002, Boeing 727 ya mizigo ya FedEx, safari namba 1478, ilikuwa inatua Tallahassee, Florida, saa 11:37 alfajiri, kabla hakujakucha. Aprochi ya macho, ranwei namba 9, na njia yote inapita juu ya msitu usio na taa. PAPI ilikuwa inawaka. Watu watatu chumbani mwa marubani. Ndege ikaingia mitini kabla ya kufika ranwei. Wote watatu walipona, ndege ikateketea.

Uchunguzi wa NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, ulikuta rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha, ana upungufu wa kutofautisha rangi, hasa nyekundu na nyeupe za taa kama zile. Watu wakakimbilia hapo. Mimi nakataa kuishia hapo. Kapteni na mhandisi wa ndege walikuwa na macho yao na wala hawakusema "nyekundu." Uchovu umeandikwa kwenye ripoti, na mimi nauweka mbele ya rangi: mtu aliyechoka huwa anaitazama taa, lakini haimwambii kitu.

Muongoza Ndege Mstaafu

Nami naongeza kwenye PAPI. Usiku inaonekana kutoka mbali sana, hata maili 20. Lakini kuonekana si kukulinda. Kwa kanuni za Marekani, ulinzi wake dhidi ya vizuizi ni nyuzi 10 kila upande wa mstari wa kati, na unakomea maili 3.4 za baharini. Rubani anayeanza kuifuata akiwa maili 12, tena kwa pembeni, anafuata taa ambayo haikumwahidi chochote kuhusu mlima ulio njiani. Wenye Usambara mgongoni mwao wanielewe.

Kinyozi wa Ngamiani

Kwa hiyo mnara uongeze mwanga wa ranwei ili waone vizuri?

Muongoza Ndege Mstaafu

Hapana, bwana. Taa kali mno katikati ya giza hufanya ranwei ionekane iko karibu kuliko ilivyo, na pia zinatia kiwi. Ukiziacha kwenye kiwango cha mchana, rubani akifika karibu na ardhi hana tena macho ya usiku ya kuamulia pa kunyanyua pua. Rubani anayo haki ya kuomba "punguza taa," na mnara unatakiwa kupunguza.

Vipotoshi vingine nivitaje haraka maana vinajulikana. Ranwei nyembamba kuliko uliyoizoea, au inayopanda kilima, inakufanya uhisi uko juu, kwa hiyo unashuka mno. Pana au inayoteremka, kinyume chake. Maji kwenye kioo cha mbele nayo huongopa kwamba uko juu. Utusitusi unaisogeza ranwei mbali, na watu huishia chini.

Nahodha wa Tongoni

Wataalamu, mimi naleta la baharini.

Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa siku za giza, si siku za mbalamwezi, kwa sababu dagaa hufuata taa pale bahari inapokuwa nyeusi. Zamani karabai, siku hizi na taa za sola pia. Usiku huo huo wa giza ndio usiku ambao rubani hana upeo wa macho: bahari na mbingu ni kitambaa kimoja. Chini kuna nukta nyeupe, juu kuna nukta nyeupe. Hebu niambieni, mtu anayekuja kutokea upande wa Pemba, anatofautisha vipi karabai na nyota?

Mzee wa Raskazone

Nahodha umegonga penyewe. Hatofautishi. Taa za mashua zilizojipanga msitari mshazari zinaweza kuchukuliwa kuwa upeo wa macho, na rubani akainamisha bawa ili alingane nao. Na ukikodolea taa moja peke yake gizani kwa sekunde kadhaa, inaanza "kutembea" yenyewe. Dawa yake ni kutokodolea. Macho yahamehame, na usawa wa mabawa usomwe ndani kwenye kioo cha upeo bandia, usisomwe nje.

Pia ndiyo maana kughairi kutua juu ya bahari nyeusi ni hatari ya aina yake. Ndege ikiongeza nguvu ghafla, sikio la ndani linashindwa kutofautisha kusukumwa mbele na kuinuliwa pua. Mwongezeko wa kasi wa sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya uvutano unahisika kama pua imepanda nyuzi 11. Mtu anasukuma usukani mbele "kurekebisha," na ndege inazama kweli.

23 Agosti 2000, Airbus A320 ya Gulf Air, safari namba 072, Bahrain. Usiku, anga safi. Walikuja kwa kasi mno na juu mno, wakazunguka duara moja karibu na uwanja kujaribu kupunguza, ikashindikana, wakaghairi wakielekea kwenye bahari isiyo na taa. Kapteni akausukuma usukani mbele. Onyo la ardhi lililia. Watu 143, hakupona hata mmoja.

Fundi Avioniki

Na tuseme wazi: kughairi lenyewe halikuwa kosa. Kosa lilianza maili nyingi nyuma, kwa kulazimisha aprochi ambayo haikuwa imetulia. Kampuni nyingi zina lango: futi 1,000 juu ya uwanja, au 500 kama anga ni safi. Ukifika langoni, kasi iwe sahihi, flapi (vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) na magurudumu viwe tayari, injini ziwe zinavuta kidogo, si kulala, na kasi ya kushuka isizidi 1,000. Kimoja kikikosekana, ghairi. Na ukighairi usiku, macho yote ndani: pua nyuzi 15 au inavyosema ndege yako, nguvu, mabawa sawa, ndipo magurudumu. Kutazama nje hakuna faida, hakuna cha kuona.

Shungi la Pangani

Na ile ya kutua kiwanja kisicho chao inakuwaje? Mchana kweupe Arusha iliwahi kutokea.

Muongoza Ndege Mstaafu

Naam, 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inakwenda KIA ilitua uwanja mdogo wa Arusha, takriban mita 1,600 badala ya 3,600 za KIA. Ilikuwa mchana, hivyo siiweki kwenye kundi letu, lakini mzizi ni uleule: ukishaona ranwei, unaacha kuuliza kama ndiyo yenyewe.

Ya usiku ni ya mwezi uliofuata. 12 Januari 2014, Boeing 737 ya Southwest, safari 4013, ilikuwa inakwenda Branson, Missouri, ranwei namba 14 yenye urefu wa mita 2,176. Ikatua kiwanja jirani, ranwei namba 12, mita 1,139, ikasimama karibu kabisa na mwisho wa lami. Tazama namba: 12 na 14, mwelekeo unakaribiana. Waliona taa ya kiwanja inayozunguka, wakaona ranwei iliyoelekea upande wanaoutarajia, wakasema "tunauona uwanja," nasi wa mnarani tukisikia hivyo tunaruhusu. Kompyuta ya ndege ilikuwa nayo ile Branson ya kweli muda wote, ila hakuna aliyeitazama tena.

Sasa nyingine, ambayo kwangu ndiyo ya kusomwa kuliko zote. 7 Julai 2017, San Francisco, Airbus A320 ya Air Canada, safari 759, kutoka Toronto. Saa 5:56 usiku kwa saa za pale, mwilini mwao saa 8:56 usiku. Kapteni alikuwa macho zaidi ya saa 19. Kuna ranwei mbili sambamba, 28L (ya kushoto) na 28R (ya kulia), na kulia kwa 28R kuna njia ya viungio, C, ambayo ndege hutembelea kwenda ranwei. Usiku ule 28L ilikuwa imefungwa, taa zake zimezimwa. Wao akilini walikuwa na picha ya ranwei mbili zenye taa. Wakaona mistari miwili ya taa, wakaichukua ya kulia. Ya kushoto ndiyo ilikuwa 28R yao. Ya kulia ilikuwa njia ya viungio, na juu yake ndege nne zimejipanga zikisubiri kuruka, zimejaa abiria.

Walimuuliza muongoza ndege kwamba wanaona taa kwenye ranwei. Akawajibu hakuna mwingine kwenye 28R ila wao. Jibu lilikuwa kweli, halikuwasaidia. Wakaghairi dakika ya mwisho kabisa, kimo cha chini kikiwa kama futi 60, juu ya ndege ya pili kwenye foleni.

Kufungwa kwa 28L kulikuwa kumeandikwa. Ukurasa wa 8 katika kurasa 27 za kabrasha lao la safari.

Fundi Avioniki

Na kuna kitufe kimoja hapo. Aprochi ile ya macho ilitaka masafa ya ILS ya 28R (mawimbi ya redio yanayoionyesha ndege mstari wa kati na mteremko) yaingizwe kwa mkono. Kwenye ndege za aina ile za kampuni ile ilikuwa ndiyo aprochi pekee inayotaka hivyo, nyingine zote kompyuta inaingiza yenyewe. Rubani msaidizi hakuingiza, kapteni hakukagua. Ingekuwemo, alama ya mstari wa kati ingekaa pembeni mwa kioo, ikiwaambia ranwei iko kushoto.

Kinyozi wa Ngamiani

Si bora wapige marufuku kutua kwa macho usiku basi. Kila mtu ILS, kwisha.

Muongoza Ndege Mstaafu

Ukipiga marufuku San Francisco foleni itafika Japani. Ranwei zile mbili zimeachana mita 229 tu kati ya mstari na mstari. Kwa ILS huwezi kuleta ndege mbili bega kwa bega hapo. Kwa macho ziliruhusiwa kwa miaka mingi. Na viwanja vingi vya ukanda huu wetu havina ILS hata ya upande mmoja, kwa hiyo hiyo marufuku ingefunga usiku wote.

Fundi Avioniki

Mimi niko katikati. Ruhusa iitwe ya macho, lakini kazi ya chumbani ifanywe kama ya vifaa. Kabla hujaanza kushuka, weka ILS ya ranwei hiyo hata kama hujaombwa. Kama haina, ingiza kwenye kompyuta mstari wa kati uliorefushwa maili 5 au zaidi pamoja na mteremko wa nyuzi 3. Kisha andika vimo kwenye karatasi. Juu ya kizingiti, pamoja na futi 50 za kuvukia: maili 5, futi 1,640, maili 4, 1,320, maili 3, 1,000, maili 2, 690, maili 1, 370. Jumlisha mwinuko wa uwanja. KIA iko futi 2,932, kwa hiyo ukiwa maili 3 altimita (kipima kimo) isome karibu 3,930. Anayefuatilia asome kila maili, anayeendesha ajibu. Mmoja tu ndiye anatazama nje. Wakitazama nje wote wawili, ndege haina mlinzi.

Mahali pawili pa kuangalia. Kwanza, kituo cha kupimia umbali mara nyingi hakiko kizingitini. Kinaweza kuwa katikati ya uwanja au upande wa pili. Maili moja ya tofauti ni futi 318 za kimo, tosha kuharibu karatasi yote. Pili, kipimo cha hewa kwenye altimita. Hektopaskali moja ni kama futi 27 hadi 30. Ukisahau ikabaki kwenye 1013 wakati uwanja umetoa 1003, altimita inakudanganya kwa futi 270 na kitu, na uko chini kuliko inavyosoma.

Shungi la Pangani

Nimeelewa kuliko nilivyotarajia, ahsanteni. La mwisho: nimesikia watu wakisema waliona PAPI ya pinki. Ipo?

Muongoza Ndege Mstaafu

Ipo kwa namna mbili. Unapovuka mpaka wa nyekundu na nyeupe, taa moja hupita kwenye pinki kwa kitambo kifupi sana, hiyo ni kawaida. Pinki inayokaa ni unyevu. Pwani kama Tanga na Bagamoyo usiku hewa imejaa maji, na boksi la PAPI lililozimwa muda mrefu hupata umande ndani ya lenzi. Mpaka wa rangi unafifia, na unaweza kuona nyeupe wakati uko chini.

Fundi wa umeme wa uwanja aziwashe kwa mwanga mdogo angalau nusu saa kabla ndege haijafika, zipate joto, au zisizimwe kabisa usiku kucha. Akifungua boksi akute matone, apanguse kwa kitambaa kikavu na aangalie raba ya mfuniko, mara nyingi ndiyo imepasuka. Na asisukume miguu ya boksi wakati anafanya hivyo. Nafasi kati ya taa mbili za katikati ni dakika 20 za pembe tu, goti likiegemea vibaya pembe imehama, na lazima ipimwe upya kabla ya kutumika.

Kinyozi wa Ngamiani

Na rubani akiikuta ya pinki tayari yuko maili 4?

Fundi Avioniki

Anaitoa akilini, anawaambia mnara, anaendelea na karatasi ya vimo: 1,320 pale alipo, 1,000 maili inayofuata. Namba zisipokubaliana, anapanda.